Mwimbaji anajisikia kwa kuchelewa: uchambuzi wa kisa cha studio moja ya Tabata

Malalamiko yalikuwa matatu, na prodyuza aliyataja kwa pumzi moja kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Mwimbaji akiimba, sauti yake inamfikia masikioni ikiwa imechelewa. Bafa, akiba ya sauti ambayo kompyuta inaikusanya kabla ya kuishughulikia, ikipunguzwa ili kuchelewa kupungue, hedifoni zinaanza kukwaruza na kupiga kwikwi. Na mradi ukishavuka traki thelathini hivi, programu inakuwa nzito, dirisha linaganda, na uchezaji unasimama wenyewe katikati ya kiitikio.

Studio yenyewe ni chumba kimoja Tabata, Dar es Salaam. Kuta zimevalishwa magodoro na blanketi, madirisha yamezibwa, hakuna kiyoyozi. Kompyuta ni laptopu ya mtumba yenye prosesa ya Core i5-8250U, RAM ya GB 8, SSD ya GB 256 iliyobeba Windows 10, na diski ya nje ya TB 1 inayotunza miradi yote. Saundi kadi ni ya USB, maingizo mawili. Programu ya kurekodia ni REAPER. Mradi uliotumika kupima ulikuwa na traki 46, kHz 48, biti 24, wimbo wa dakika nne.

Hadi hapo prodyuza alikuwa ameshapandisha bafa hadi 2048, akaishusha, akaipandisha tena. Windows ilifutwa na kuwekwa upya. Muuzaji mmoja wa kompyuta alimshauri aongeze RAM ifike GB 16, na mwingine akamwambia moja kwa moja kwamba mashine imechoka, anunue nyingine. Ushauri wa RAM ulikuwa rahisi kuupima: mradi wote ukiwa wazi, Task Manager ilionyesha GB 5.2 tu zinatumika. Fedha hiyo ingepotea bure.

Bafa si dawa ya kila kitu

Kabla ya kugusa chochote, yale malalamiko ilibidi yatenganishwe. Kuchelewa kwa sauti na uzito wa programu ni matatizo mawili yanayovutana. Bafa ni idadi ya sampuli, yaani vipimo vidogovidogo vya sauti, ambazo kompyuta inazikusanya kabla ya kuzishughulikia. Gawa idadi hiyo kwa kasi ya sampuli (kHz 48 ni sampuli 48,000 kwa sekunde), utapata muda: sampuli 1024 kwa kHz 48 ni milisekunde (ms) 21.3, sampuli 128 ni ms 2.67. Muda huo unalipwa mara mbili, sauti ikiingia na ikitoka, halafu unaongezewa muda wa saundi kadi kubadilisha umeme kuwa namba na namba kuwa umeme, pamoja na akiba ndogo ambayo draiva ya USB, programu inayoiunganisha kadi na Windows, inajiwekea.

Ukipandisha bafa, prosesa inapata nafasi ya kupumua lakini mwimbaji anachelewa kujisikia. Ukiishusha, mwimbaji anafurahi na prosesa inabanwa. Ndiyo maana prodyuza wengi hushinda kwenye namba hiyo moja, wanaipandisha na kuishusha, huku chanzo kiko mahali pengine kabisa. Katika kisa hiki vyanzo vilikuwa sita au saba, na bafa haikuwa mojawapo.

Draiva iliyopotea bila mtu kujua

REAPER inaandika hali ya sauti juu kabisa kulia, kwenye mstari wa menyu. Hapo palisomeka kHz 48, sampuli 1024, ~24/25ms, ASIO. Neno ASIO liliwatuliza watu wote, kwa sababu kila anayerekodi kwenye Windows ameshaambiwa atumie ASIO, mfumo uliotolewa na Steinberg ya Ujerumani mwaka 1997 ili programu iongee na saundi kadi bila kupitia tabaka za sauti za Windows. Lakini tulipofungua Preferences, Audio, Device, draiva iliyochaguliwa ilikuwa ASIO4ALL.

ASIO4ALL si kitu kibaya. Ni mkalimani: inaipa programu sura ya ASIO, huku chini yake ikitumia draiva ya kawaida ya Windows. Kwa laptopu isiyo na saundi kadi inaokoa sana. Kwa mtu mwenye saundi kadi yenye draiva yake ya ASIO, ni kuzunguka mlima bila sababu. Ilifikaje hapo? Windows ilipowekwa upya, saundi kadi ilichomekwa, ikatoa sauti, na hakuna aliyeikumbuka draiva ya mtengenezaji. Tangu toleo la 1703 la mwaka 2017, Windows 10 inakuja na draiva yake ya USB Audio 2.0, kwa hiyo kadi nyingi hufanya kazi papo hapo bila kudai chochote. Zamani kadi ingekataa kutoa sauti, na mtu angelazimika kutafuta draiva. Siku hizi inakubali, na mtu anaendelea na kazi bila kujua kwamba draiva yenyewe haipo.

Kipimo kilifanyika kwa waya, kwa sababu namba za kwenye skrini ni maelezo ya draiva kuhusu yenyewe, na draiva husema uongo. Utaratibu ni huu. Chukua waya wa jeki kubwa, chomeka tokeo la kwanza la saundi kadi kwenye ingizo lake la kwanza, ingizo liwe kwenye laini na si kwenye gitaa. Zima swichi ya kusikiliza moja kwa moja kwenye kadi. Traki ya kwanza weka mlio mfupi mkali, fimbo au kliki. Traki ya pili iandae kurekodi kutoka ingizo la kwanza, lakini zima usikilizaji wake ndani ya programu, la sivyo sauti itazunguka na kupiga yowe. Nenda Preferences, Audio, Recording, ondoa alama kwenye "Use audio driver reported latency". Badili rula isome sampuli, rekodi, kisha vuta karibu uone mlio wa pili uko mbali kiasi gani na wa kwanza.

Umbali ulikuwa sampuli 3120, yaani ms 65. Katika muda huo sauti hewani inasafiri mita 22 hivi: mwimbaji alikuwa kama anajisikia kutoka ng'ambo ya barabara. Draiva yenyewe ilidai sampuli 2352, yaani ms 49. Tofauti hiyo ya sampuli 768 iwekwe akilini, italeta kazi mwishoni.

Draiva ya mtengenezaji ilipakuliwa na kuwekwa saundi kadi ikiwa imechomolewa, kompyuta ikazimwa na kuwashwa, kadi ikachomekwa moja kwa moja kwenye laptopu. Awali ilikuwa inashiriki habu moja na diski ya nje. Bafa ikawekwa 128. Kipimo kilekile cha waya kikatoa sampuli 470, ms 9.8. Kati ya hizo, 256 ni bafa mbili, zilizobaki 214 ni za kadi na USB, na hizo huzipunguzi kwa mpangilio wowote ndani ya programu.

Jambo dogo la kupitia haraka: mwimbaji wa pili alikuwa na mazoea ya kutumia hedifoni zake za Bluetooth. Hizo peke yake huongeza ms 100 hadi 200 na zaidi. Kwa kurekodi, waya tu.

"Kaka, bado najisikia nyuma"

Mwimbaji aliingia, akaweka hedifoni, akaimba mistari miwili, akasema hivyo. Na alikuwa sahihi. Kipimo cha waya kilipita kwenye mradi mtupu. Yeye aliimba ndani ya mradi wenye traki 46, ambao prodyuza alikuwa ameshaupamba kana kwamba uko tayari kupelekwa redioni.

Kwenye masta, traki ya mwisho ambayo sauti zote hupitia, kulikuwa na ikwalaiza ya aina ya fezi nyoofu na limita inayochungulia mbele. Plagini, yaani programu ndogo za athari zinazoongezwa ndani ya REAPER, za namna hii haziwezi kufanya kazi bila kuisubirisha sauti: ya kwanza inahitaji kipande kirefu cha sauti ili ihesabu, ya pili inataka kuona kilele kabla hakijafika. Dirisha la FX la REAPER linaonyesha chini kabisa kila mnyororo unachelewesha sampuli ngapi. Ikwalaiza ilisoma 4096, limita 240. Jumla 4336, yaani ms 90. Kila kinachopita kwenye masta, ikiwemo sauti ya mwimbaji inayoingia muda huohuo, kinasubiri ms 90. Wakati wa kuchanganya muziki huwezi kuhisi chochote, kwa sababu programu inazisawazisha traki zote zitoke pamoja. Maiki ikifunguliwa ndipo deni linapodaiwa.

Kuzima plagini kwa kitufe cha kupitisha hakutoshi kila mara, kwani kuna plagini na mipangilio inayobakiza ucheleweshaji wake hata ikiwa imezimwa. Bofya kulia, iweke offline. Ucheleweshaji unaondoka na mzigo wake kwa prosesa unaondoka pia.

Ya tatu ilikuwa plagini ya kunyoosha sauti, inayozirudisha noti mahali pake, kwenye traki ya mwimbaji mwenyewe. Hapa ndipo ushauri wa vitabuni unapogonga mwamba. Vitabu vinasema: tumia swichi ya kusikiliza moja kwa moja kwenye saundi kadi, mwimbaji ajisikie bila kupita kwenye kompyuta, kuchelewa kuishe kabisa. Ni kweli, na kwa rapa au mtangazaji hatuna ushauri bora kuliko huo. Lakini mwimbaji wa Bongo Fleva aliyezoea kujisikia akiwa ameshanyooshwa huimba tofauti asipoisikia ile athari. Anaacha kuchezesha sauti, anakuwa mwoga. Kumlazimisha asikilize sauti kavu ni kuharibu rekodi kwa njia nyingine. Na kuwasha vyote viwili kwa pamoja ni kosa la kila siku: sauti kavu inafika mara moja, iliyonyooshwa inafuata nyuma yake, na mwimbaji anajisikia mara mbili.

Kwa hiyo plagini ikabaki, lakini ikawekwa kwenye hali yake ya ucheleweshaji mdogo. Kutoka sampuli 1056, ambazo ni ms 22, ikashuka hadi 96, ms 2. Jumla ya safari nzima ikawa ms 12 pungufu kidogo. Bafa ya 64 ingeokoa ms 2.7 zaidi, haikufaa kulipia faida hiyo ndogo kwa kuikaba prosesa.

Chaja

Kwa bafa ya 128, kwikwi zilikuwa nyingi kiasi kwamba kurekodi kusingewezekana. Dirisha la Performance Meter la REAPER, ambalo hufunguliwa kwa Ctrl+Alt+P, lilionyesha CPU 38%. Namba hiyo ndiyo iliyomfanya prodyuza aapie kwamba prosesa haina tatizo. Asilimia ni wastani wa muda mrefu. Sauti haijali wastani: kila ms 2.67 hesabu zote za bafa moja lazima ziwe zimekwisha, na ikichelewa moja tu kati ya mia, sikio linasikia mkwaruzo. Mstari wa kuangalia ni "RT longest-block", unaoonyesha bafa iliyochukua muda mrefu zaidi. Ulisoma hadi ms 6. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya muda uliopo.

Tukafungua Task Manager, Performance, CPU, tukaangalia kasi. GHz 0.78, na haikusogea hata mradi ukichezwa. Prosesa hii kawaida yake ni GHz 1.6 na inaweza kupanda hadi 3.4. Kitu fulani kilikuwa kimeifunga.

Jaribio lililofuata linachukua nusu dakika na hatujui kwa nini halifanywi na watu wengi zaidi: chaja ikachomolewa. Kasi ikaruka hadi GHz 2.9, kwikwi zikapotea. Chaja ikarudishwa, sekunde chache, 0.78 tena.

Chaja haikuwa ya asili. Laptopu hii inataka W 65, yaani V 19.5 na A 3.34. Chaja iliyokuwepo, iliyonunuliwa mtaani baada ya ile ya kwanza kukatika waya, iliandikwa V 19.5 na A 2.31, ambayo ni W 45. Laptopu nyingi za ofisini zina pini nyembamba katikati ya jeki, na kupitia pini hiyo chaja hujitambulisha ina uwezo gani. Ikiwa ni dhaifu, au ni ya kuiga na haijui kujitambulisha, au waya wa pini umekatika kwa ndani, laptopu inajilinda kwa kuibana prosesa ibaki kasi ya chini kabisa. Mara nyingine inakataa hata kuchaji betri, na hiyo ni dalili nzuri kwa mchunguzi. Nyingine huandika onyo wakati wa kuwaka, lakini onyo hilo lina kitufe cha kuruka na kila mtu hukibonyeza.

Zipo programu za kuondoa kizuizi hicho kwa nguvu, na mafundi wa mtandaoni huzipendekeza kwa moyo mweupe. Kwa chaja ya W 45 inayoombwa W 65, matokeo yake ni chaja inayochemka juu ya zulia, katika chumba kilichozungukwa na magodoro. Nunua chaja yenye W kamili. Ukiwa dukani, washa laptopu, chomeka, fungua Task Manager hapohapo kaunta, tazama kasi. Lebo ya chaja inaweza kuandikwa chochote.

Kwa chaja sahihi kasi ilifika GHz 3.2. Dakika ishirini baadaye ilikuwa imeteremka hadi 1.9, joto nyuzi 96. Prosesa hii kikomo chake ni nyuzi 100. Laptopu ilikuwa imewekwa juu ya mto ili feni isisikike kwenye maiki, na matundu ya hewa yako chini. Feni ilifunguliwa, utando wa vumbi uliokuwa umeziba mapezi ya shaba ukaondolewa kwa brashi, mafuta ya joto ya prosesa yakabadilishwa, na laptopu ikapandishwa juu ya vipande viwili vya mbao, mita moja na nusu kutoka kwenye maiki, upande wa nyuma wa maiki ambako haisikii vizuri. Baada ya hapo ilikaa GHz 2.6 na zaidi kwa muda wote wa kazi. Kwenye mipango ya umeme ya Windows ikachaguliwa High performance, na "USB selective suspend" ikazimwa.

Waifai, na kwikwi zisizo na mpangilio

Zikabaki kwikwi za hapa na pale, moja kila dakika mbili au tatu, hata mradi mwepesi ukichezwa. Kwikwi zinazoongezeka kadiri mradi unavyokuwa mzito zinatokana na mzigo. Zinazokuja zitakavyo huwa zinatokana na draiva nyingine inayoikalia prosesa na kuizuia isihudumie sauti. Programu ya LatencyMon ya Resplendence ndiyo inayoonyesha. Iache ifanye kazi dakika kumi huku wimbo unachezwa, kisha fungua ukurasa wa draiva, upange kwa muda mrefu zaidi wa utekelezaji.

Juu kabisa ilikuwa ndis.sys, maikrosekunde 3900 (maikrosekunde 1000 ni ms 1). Bafa ya 128 ina maikrosekunde 2667 tu. Yaani draiva hiyo ikishika zamu yake mara moja, bafa nzima imekwenda na zaidi, hata kama prosesa ingekuwa ya bei gani. Faili ndis.sys ni la Windows lenyewe, ni tabaka la mtandao. Usilifute wala usilitafutie toleo jipya. Mkosaji yuko chini yake, draiva ya kadi ya waifai. Waifai ilipozimwa, kilele kikashuka hadi maikrosekunde 240. Draiva mpya ya kadi hiyo ilisaidia kidogo tu, kwa hiyo uamuzi ukawa mfupi: kurekodi kukianza, waifai inazimwa. Mteja anayetaka kusikiliza mdundo wa mtandaoni aupakue kwanza. Hilo lina faida nyingine: kivinjari kikicheza sauti, kinaweza kuivuta saundi kadi kutoka kHz 48 kwenda 44.1 au kinyume chake, na wimbo ukatoka na kasi ya ajabu.

Kama juu ya orodha ungeikuta ACPI.sys, draiva ya usimamizi wa umeme, mshukiwa wa kwanza ungekuwa kifaa cha betri kwenye Device Manager. Kwenye baadhi ya laptopu, kukizima wakati wa kurekodi kunamaliza kwikwi, ila alama ya chaji nayo inapotea, na mtu asiyejua atashangaa kompyuta ikizimika ghafla.

Na ule mlio wa ti-ti-ti-tiii kwenye hedifoni simu inapotaka kuita hauhusiani na lolote kati ya haya. Ni simu iliyolazwa karibu na waya wa maiki.

Uzito wa mradi

Baada ya haya yote mradi wa traki 46 bado ulikuwa mzito kuliko ulivyostahili. Sababu kubwa ilikuwa taa nyekundu. Traki tisa za vokali zilikuwa zimeachwa zikiwa tayari kurekodi, usikilizaji umewashwa, kwa sababu baada ya kurekodi moja prodyuza alikuwa anafungua nyingine bila kuzima ya nyuma.

Hii inahitaji kuelezwa kwa kina kidogo. REAPER ina utaratibu wa kutanguliza hesabu: traki ambazo zimesharekodiwa zinajulikana zitacheza nini, kwa hiyo programu inazipitisha kwenye plagini mapema, ms 200 kabla ya wakati wake kwa mpangilio wa kawaida, na kugawa kazi hiyo kwa viini vyote vya prosesa. Hata bafa ikiwa 128, traki hizo hazijui. Zina ms 200 za kujitanua. Traki iliyo tayari kurekodi na inayosikilizwa haiwezi kutangulizwa, kwani hakuna ajuaye mwimbaji ataimba nini. Lazima ihesabiwe ndani ya zile ms 2.67. Kwa hiyo prodyuza alikuwa na traki tisa, kila moja na plagini sita au saba, zote zikigombania kidirisha chembamba ambacho kilikusudiwa traki moja. Zikazimwa nane. RT longest-block ikashuka kutoka ms 2.1 hadi 0.8.

Rivebu, plagini ya mwangwi, ilikuwa nyingine. Vokali kumi na moja, kila moja na rivebu yake ya kuiga ukumbi halisi, aina inayokula prosesa kuliko zote, na zote zikiwa na mpangilio uleule. Zikaondolewa, ikawekwa traki moja ya rivebu, vokali zikatumwa huko kwa viwango tofauti. Sauti ikawa bora pia, kwa sababu waitikiaji walianza kusikika kama wako chumba kimoja. Vinanda vya plagini ambavyo haviguswi tena viligandishwa: bofya kulia kwenye traki, Render/freeze tracks, igeuke kuwa sauti ya kawaida. Ukitaka kubadilisha noti, unaiyeyusha.

Kusimama kwa uchezaji kulitokana na diski ya nje. Hesabu yake haionyeshi ubaya kwa mtazamo wa kwanza: sampuli 48,000 kwa baiti 3 ni kB 144 kwa sekunde kwa traki ya mono, mara 46 ni MB 6.6, na diski yoyote inaweza. Lakini kichwa cha diski ya kuzunguka kinaruka kati ya mafaili 46 yaliyotawanyika, na ilikuwa imejaa karibu pomoni. Juu ya hayo, programu ya kuzuia virusi ilikuwa inalikagua kila faili la WAV linapofunguliwa. Mradi wote ulikuwa GB 1.6 hivi, na SSD ilikuwa na nafasi ya kutosha. Ukahifadhiwa upya humo kwa Save project as, alama ikiwekwa kwenye "Copy all media into project directory", folda ya miradi ikaondolewa kwenye ukaguzi wa virusi, na diski ya nje ikabaki kuwa ghala la nakala baada ya kazi.

Utaratibu uliobaki studioni ni wa miradi miwili. Mdundo unatolewa kama faili moja la stirio, unawekwa kwenye mradi mtupu pamoja na traki ya mwimbaji, unarekodi kwa bafa ya 128. Vokali zikishachaguliwa zinarudishwa kwenye mradi mkubwa, bafa inapandishwa 1024, na masta inapambwa kwa plagini zozote mtu atakazo.

Vokali za zamani

Zile sampuli 768. REAPER ikirekodi, inairudisha sauti nyuma kwa kiasi ambacho draiva imedai inachelewesha, ili ikae sawa na mdundo. ASIO4ALL ilidai 2352 wakati ukweli ni 3120. Kila vokali iliyorekodiwa kipindi hicho ilikuwa imekaa ms 16 nyuma ya mahali pake. Prodyuza alikuwa ameshaanza kuwalaumu waimbaji kwamba wanaburuta.

Kwa draiva mpya jaribio la waya lilirudiwa, mara hii alama ya "Use audio driver reported latency" ikiwa imerudishwa. Mlio uliorekodiwa uliachana na wa kwanza kwa sampuli 7, ms 0.15, hiyo inaachwa ilivyo. Ingekuwa mamia, pale chini ya alama hiyo kuna sehemu ya kuandika masahihisho kwa mkono.

Vokali za zamani zilichaguliwa zote, zikasogezwa kushoto sampuli 768 kwa Nudge/set, amri ya REAPER ya kusogeza. Rapu zilizorekodiwa kwa kusikiliza moja kwa moja kwenye saundi kadi zilikaa barabara. Zile zilizoimbwa kwa kujisikia kupitia programu hazikukaa, kwa sababu mwimbaji anayejisikia nyuma huanza kuwahi bila kujua, na kila mmoja huwahi kwa kiasi chake, tena mstari mmoja kuliko mwingine. Hakuna namba moja ya kuzisahihisha. Beti ya kwanza ilisogezwa neno kwa neno kwa sikio. Kiitikio, chenye sauti nne zilizolaliana, kiliimbwa upya.